Mama Greda Atoka Kitandani

Pale kwenye makao ya wazee walimwita Mama Greda, kwa kuwa aliendesha greda miaka ishirini na sita, mwanamke peke yake katika kikosi cha barabara. Lakini tangu afiwe na mumewe, akaletwa hapa, alilala ameugeukia ukuta. Chakula alidonoa tu. Binti yake akija kumjulia hali, aliambulia "mh" na "haya".

"Ni uzee huo," walisema wenzake.

Mshauri nasaha aliyekuja kila Jumanne alikataa katakata. "Bibi, huu ni ugonjwa wa sonona. Na unatibika, hata kwa umri wako."

"Utanitibu kwa maneno matupu?"

"Kwa maneno na kwa miguu. Kila siku fanya jambo moja dogo, kisha uandike limekufanya ujisikieje."

Aliona mzaha mtupu. Hata hivyo akaandika: "Nimekaa dirishani. Sikuhisi kitu." Hivyo hivyo wiki mbili. Ya tatu akaandika: "Nimewatazama mafundi wakitengeneza njia ya bwaloni. Wameniudhi."

Mshauri akasogeza kiti. "Wamekuudhi nini?"

Ndipo ulimi ukamfunguka. Alieleza mteremko, changarawe na tabia za maji, na jinsi alivyowahi kuchonga barabara ya milimani huku wanaume wakimwekea dau kwamba hatamaliza. Saa nzima ikayoyoma. "Sasa wewe umo humu ndani, na wao wako nje," mshauri akasema, akaishia hapo.

Kesho yake Mama Greda alivaa viatu, akatoka na mkongojo.

"We fundi! Maji yatakimbilia wapi hapo? Mlangoni kwetu?"

"Bibi, nenda kapumzike."

"Nimepumzika miezi minane. Lete kamba na pimamaji."

Fundi alipima, akapima tena, akakuna kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa chimba mtaro."

Siku nne aliwasimamia, akifoka na kucheka. Asubuhi nyingine uzito ulimrudia, akakawia kitandani, lakini akaamka. Mvua ilipopiga, maji yote yakafuata mtaro, na wazee wakaenda bwaloni miguu mikavu, wakimpigia makofi.

Jumapili binti yake alifika, akasimama akishangaa. "Mama, nani katengeneza njia nzuri hivi?"

Mama Greda akanyoosha mgongo. "Unamuuliza nani?"