Cheo Alichokipandisha Susu

Barua ilikuwa ya Mbeti, lakini aliyeipeleka saiba, duka la kompyuta la Kayole, kuchapwa ni nyanya yake, Susu Wavinya. Mbeti alikuwa kazini Donholm, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwisho wa kutuma maombi ya kazi mpya ulikuwa siku hiyo hiyo.

Kiingereza cha Susu kiliishia darasa la nne. Ila Mbeti alikuwa amemsomea barua yote, mstari kwa mstari. "Hapa nimesema mimi ni msaidizi wa meneja. Namshikia faili, namjibia simu."

Jacklyne wa saiba alichapa mpaka hapo, akasita.

"Shosho, huyu ameandika 'assistant to the manager'. Haya maneno mawili ya katikati, 'to the', yanamshusha. Nikiyatoa anakuwa meneja msaidizi. Hicho sasa ndicho cheo!"

Susu aliijua tofauti. Aliijua vizuri sana. Lakini alimwona Mbeti akimbebea mtu faili mpaka azeeke.

"Yatoe, mama," akasema.

Wiki iliyofuata, siku Mbeti alipokuwa mapumzikoni, simu ikalia. Mbeti akaruka jikoni.

"Susu, wameniita! Intavyuu kesho! Yule mama aliyepiga ananiita meneja, nikadhani ananitania."

Chapati ilianza kuungua. Susu hakuigeuza.

"Mbona hunipongezi?"

"Mbeti, kaa chini."

"Niambie tu nikiwa nimesimama."

Susu akamwambia yote: saiba, Jacklyne, yale maneno mawili.

"Susu jamani! Si watampigia bosi wangu? Nikose huko, nifukuzwe na huku!"

"Nilitaka uonekane mkubwa."

"Kwani kwako nilikuwa mdogo?"

Hilo lilimchoma kuliko mafuta ya kikaango.

Mbeti akapiga simu palepale. Susu alisikia Kiingereza cha mjukuu wake kikienda polepole, na yale maneno mawili yakirudishwa mahali pake. Kisha, "Asante."

"Wamesema nisiende. Wanataka meneja."

Mbeti akaketi kwenye kigoda, akaitoa ile chapati, akaanza kuikwangua kwa kisu.

Susu akanyoosha mkono. "Hiyo iliyoungua nipe mimi."

"Tutagawana," akasema Mbeti, akaikata katikati. Lakini hakumtazama.