Kocha wa Tatu

Kocha wa tatu msimu huu alipoingia jikoni, Loyce, mpishi wa timu, hakugeuka. Timu ilikuwa inaburuza mkia. Huyu naye si watamfukuza tu? Hata jina lake hakutaka kulijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kocha aliyeondoka amenipigia simu. Kasema nianzie kwako, wewe ndiye unayejua nani hali vizuri."

Loyce akaweka mwiko chini. Kumbe yule mzee alifukuzwa huku bado anawawaza vijana!

"Benson," akasema. "Tangu akose penalti, ugali anaugusagusa tu."

Kocha akabeba sahani mbili, akaenda kula na Benson.

Baadaye Benson akaja jikoni na sahani tupu. "Mama, mlenda umebaki?"

Loyce akampakulia. "Hivi huyu kocha wetu," akauliza, "anaitwa nani?"