Mikono ya Winchi

Darasani walimwita Winchi, na wala si kwa ukubwa wa mwili, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba aliyeipita miaka arobaini, bega moja limeshuka kidogo kama hanga iliyopinda. Jina, la ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini, lilitokana na mikono. Mgonjwa akijitikisa tu kitini, Winchi amekwisha kumdaka kwapani na kumsimamisha. Mgonjwa akikitupia kikombe jicho, kikombe kimeshafika mdomoni. Wanafunzi wenzake, ambao wengi angeweza kuwazaa, kila walipoingia wodini waliuliza, "Leo Winchi ameshanyanyua wangapi?"

Hakununa. Hata alilipenda kidogo jina lile, maana mtu akitaniwa ujue amezoeleka. Ubaya ni kwamba lilikuwa la kweli, na ukweli huo ulikaribia kumfukuzisha chuo.

Kazi aliyokuwa akijifunza ni ya msaidizi wa tiba ya viungo, na wanaoijua kwa mbali hudhani ni kazi ya kubeba watu. Mtaalamu humpima mgonjwa na kumpangia mazoezi, kisha msaidizi hukaa naye siku baada ya siku akiyafanya: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kufunga vifungo vya shati kwa mkono uliolegea. Mgonjwa ndiye afanye. Msaidizi anaelekeza, anatazama, anakaa tayari. Mwalimu wao, mwanamama mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wakaiota: mkono uwe karibu na mgonjwa, usiwe juu yake. Ukimnyanyua leo, kesho atakungoja umnyanyue, na keshokutwa misuli yake imesahau kazi.

Winchi aliielewa sheria hiyo vizuri sana. Aliwaeleza hata wenzake walioshindwa kuielewa, na mtihani wa karatasi akaupita bila jasho. Kisha ukaja mtihani wa vitendo, wa kumwongoza mgonjwa asimame kutoka kitini. Akapewa mama mmoja aliyekuwa akipona mguu, na kabla mama wa watu hajavuta pumzi vizuri, alikuwa wima, visigino havigusi sakafu, amekumbatiwa kama gunia la mkaa.

"Wewe umesimama vizuri," mwalimu alisema. "Mgonjwa je?"

Darasa zima liliangua kicheko, na yule mama mgonjwa naye akacheka. Winchi akafeli. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mtihani ule ulirudiwa mara moja tu, na aliyefeli tena alirudisha sare akaenda zake. Naye alikuwa ameacha kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni, nafasi yake imeshapata mtu, na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ameshawatangazia madereva wenzake wote kwamba mkewe anasomea mambo ya hospitali. Pa kurudi hapakuwepo.

Mwalimu alimwita pembeni. "Hiyo mikono umeitoa wapi?"

"Nyumbani," Winchi alisema. "Kwa mama mkwe."

Ndiko ilikotoka kweli. Mama mkwe wake aliteleza akavunjika nyonga, akapasuliwa, akatiwa chuma, mfupa ukaunga. Daktari akasema bibi sasa atembee na fremu ya kushikilia mbele. Bibi akasema kesho. Kesho ikazaa kesho, na kwa kuwa Winchi alimpenda na hakuweza kuvumilia kumwona akikunja uso, akambeba. Alimtoa kitandani akamweka kitini, akamwogesha, akamvisha, akamfunga vifungo, akamchana nywele. Mtaa mzima ukamsifu. Watu husema tenda wema nenda zako. Winchi alitenda wema akabaki palepale, mwaka wa pili sasa, na bibi akabaki palepale pamoja naye.

"Basi fanya mazoezi kwake," mwalimu alisema. "Kujizuia kumsaidia mtu usiyempenda hakuhitaji chuo."

Asubuhi iliyofuata Winchi alimkalisha mama mkwe ukingoni mwa kitanda, akamtupia gauni mabegani, kisha akaketi kwenye stuli mbele yake na kuikalia mikono yake mwenyewe, kila mmoja chini ya paja lake. Hakuwa na imani nayo ikiwa huru.

"Unaumwa mikono?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Leo nataka ufunge wewe."

"Nifunge nini?"

"Vifungo."

Bibi aliviangalia vifungo kana kwamba ndiyo kwanza avione. "Kwani wewe una safari?"

"Sina safari, mama. Ni masomo."

"Masomo ni yako, vifungo ni vyangu," bibi alisema. "Haya mambo yamekutanaje?"

Hata hivyo alifunga kimoja, kwa mguno uliosikika nyumba ya tatu. Cha pili alikitia kwenye tundu la jirani yake, na mpaka anafika cha mwisho gauni lilikuwa limepanda upande mmoja na kushuka mwingine. Winchi alipoitoa mikono mapajani ilikuwa imekufa ganzi.

Mambo yakaenda hivyo, kwa manung'uniko. Fremu ya kutembelea, iliyokuwa imegeuzwa kianikio cha taulo, ikaondolewa taulo. Bibi alikataa katakata kutembea kwa ajili ya afya. Lakini siku majirani walipogombana uani, na utamu wote wa maneno ukawa haufiki kitandani, alijisukuma akasimama, akaishika fremu na kujikokota hadi dirishani, Winchi nyuma yake na mikono hewani. Tangu hapo dirisha likawa lake. Shida ni kwamba ukimsifu tu, anaketi.

Siku moja kabla ya mtihani wa marudio akaja wifi, dada wa mumewe, kukaa na mama ili Winchi apate kuondoka mapema. Alimkuta mama yake anahangaika na kifungo cha shingoni, machozi ya hasira yanamlengalenga, na mke wa kaka yake amekaa kwenye stuli anatazama.

"Ndiyo mnayofundishwa huko?" wifi aliuliza. "Kukaa kitako mkiangalia mtu mzima anateseka?"

"Mwache kidogo, wifi. Anaweza."

"Anaweza nini? Mama, njoo." Wifi akafunga kifungo kile, akafungua vingine vyote vilivyokosewa akavifunga upya, akambeba mama yake na kumlaza. "Alipokuwa hana kitu alikubeba. Sasa kavaa sare, umekuwa mzigo."

Winchi alimwangalia mama mkwe, akitarajia neno la kumtetea. Bibi akageukia ukutani.

"Nimechoka kufanywa mtihani," alisema.

Neno hilo lilimchoma Winchi, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Kweli alikuwa amemfanya mama wa watu somo. Alitaka kumwambia kwamba yale mazoezi yangemfaa hata kama chuo kisingekuwepo, lakini maneno yale yalikuwa yanafanana mno na ya mtu anayejitetea, akayameza. Asubuhi alipoinama kitandani kumwamkia, "Shikamoo, mama," bibi hakuitika. Wifi ndiye aliyesema, "Haya, nenda, utachelewa."

Mgonjwa wa mtihani alikuwa Kinyozi. Angekuwa mwingine yeyote, Winchi angepata ahueni. Mzee huyu alinyoa vichwa maisha yake yote mpaka kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto, na wodi nzima ilimjua kwa porojo na kwa kuugulia. Hakuna aliyejua kuugulia kwa ustadi kama yeye. Aliwahi kumlainisha mwanafunzi mmoja mpaka akalishwa uji, huku mkono wake wa kulia, mzima kabisa, umelala mapajani unapumzika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Winchi?" Uso wa mzee ukachanua. "Nimekusikia sifa zako. Leo Mungu amenikumbuka."

Mwalimu alisimama pembeni na kalamu yake, hana habari ya kucheka. Winchi alifunga breki za kiti cha magurudumu, akakagua viatu vya mzee, akamvika kiunoni ule mkanda mpana ambao msaidizi huushika ikibidi, kisha akasimama upande wake ulio dhaifu.

"Baba, sogea mbele ya kiti. Rudisha miguu nyuma. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu sukuma kwa mkono wako mzima."

"Pua yangu fupi, mwanangu."

"Itafika, baba."

Kinyozi alisogea kidogo, akaanza kuugulia, kwanza chini chini, kisha kwa madaha. "Nishike tu hapa kwapani. Kidogo tu. Angekuwa baba yako yuko hivi, ungemtazama?"

Mikono ya Winchi ilishaanza kupanda. Aliiona ikipanda kama mikono ya mtu mwingine. Akafikiria mgongo wa mama mkwe ulioelekea kwake tangu jana. Ilikuwa rahisi sana kumnyanyua mzee huyu, akamfurahisha mtu mmoja angalau siku hiyo. Akaisimamisha mikono palepale ilipofika, viganja wazi, karibu na mkanda, haigusi kitu.

"Ningemtazama, baba," alisema. "Ningemtazama kwa uchungu. Sukuma."

Mzee alimkazia macho, akaona hapa hapana chake. Akainama. Akasukuma. Akapanda, polepole, mpaka magoti yakanyooka.

Hapo goti la kushoto likakata, likapinda ghafla. Winchi hakufikiri, mkono ulikuwa umeshaushika mkanda, goti lake limelizuia la mzee, akamshusha taratibu hadi kitini bila kishindo. Ndipo akili ilipomfika: amemshika. Sheria moja tu aliyopewa, ameivunja mbele ya mwalimu. Aliiona sare yake imekunjwa juu ya meza ya ofisini.

Kinyozi aliung'ang'ania mkono wa kiti. Safari hii hakuwa anaigiza, alikuwa ameogopa, na uso wake ulionekana wa mzee kuliko kawaida. Winchi akaona kwamba kama amefeli basi amefeli, lakini mtu huyu hawezi kuachwa kitini na woga ule.

"Umeumia, baba?"

"Hapana."

"Goti limechoka au limeshtuka?"

"Limeshtuka," mzee alisema, bila mbwembwe.

"Basi pumzika kwanza. Tukijaribu tena, uzito upeleke zaidi kulia. Mimi sitoki hapa."

Mara ya pili Kinyozi hakuugulia hata kidogo. Aliinama, akasukuma, akasimama, akabaki amesimama. Mikono ya Winchi ilimfuata juu na kukaa hewani, karibu naye. Mzee akamwangalia kutoka juu.

"Kumbe Winchi mwenyewe mfupi hivi," alisema.

Mzee alipokwisha kuketi salama, mwalimu alisogea. "Mara ya kwanza ulimshika. Kwa nini?"

"Goti lilikata."

"Mara ya pili hukumshika."

"Halikukata."

Mwalimu aliandika kitu kifupi. "Ndiyo kazi yenyewe," alisema. "Umefaulu."

Winchi aliaga kwa adabu zote, akatembea hadi chumba cha kuhifadhia magongo, akafunga mlango. Akaketi sakafuni katikati ya magongo akicheka na kulia kwa pamoja. Alishusha pumzi moja ndefu, akaona haitoshi, akashusha nyingine. Alijihisi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, shingo bado haijaamini.

Nafuu hiyo ilimsindikiza njia nzima, ikaanza kupungua alipoukaribia mtaa wao. Cheti asingeweza kumpa bibi kama kifuta jasho. Aliandaa maneno ya kuomba radhi, akayabadilisha, akayarudia, na alipoingia ndani yote yakamtoka, kwa sababu kitanda kilikuwa kitupu. Kiti nacho kitupu. Fremu haipo.

"Mama?"

Akapita sebuleni nusura akimbie, na kwenye ujia wa nyuma akamkuta wifi amesimama mbele ya mlango wa choo, anaminya upindo wa gauni lake.

"Amejifungia," wifi alinong'ona. "Nilitaka kumbeba, akanipiga kofi mkononi. Akasema hata mke wa kaka yangu ana adabu ya kukaa kitako."

Kutoka ndani fremu iligonga ukuta, kisha ukasikika mguno. Wifi akanyoosha mkono kwenye kitasa. Winchi akaudaka.

"Subiri, wifi."

"Akianguka?"

"Tutasikia. Tupo karibu."

Tangu nyonga ile ivunjike, mlango ule haukuwahi kufungwa bibi akiwa ndani. Sikuzote palikuwa na mtu wa kumshika, na mtu huyo alikuwa Winchi, mwenye huruma zake zote, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba huenda mama mtu mzima alitamani kukaa humo peke yake. Aliona aibu, kisha aibu ikapita, kwa kuwa mlango sasa ulikuwa umefungwa.

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Fremu ikakwaruza sakafu. "Marahaba. Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

"Mungu mkubwa. Sasa kabandike chai, na umchukue huyo mwenzako. Siwezi kufanya kitu watu wamenisimamia mlangoni."

Wifi alimtazama Winchi. Winchi aliutazama mlango, na mikono ikamwasha. Kisha akamshika wifi yake mkono, wakaenda jikoni, wakauacha mlango wa jikoni wazi.