Bahasha ya Kitinda

Karani wa masjala ya mahakama alikuwa ameshaanguka mara mbili mtihani wa kuingia chuo cha sheria, na mara zote kilichomwangusha ni maswali ya mantiki. Safari ya tatu alijiandikisha darasa la Jumamosi. Mdogo wake, msusi, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, akasema naye atajaribu bahati yake. Karani akacheka. Hakucheka kwa muda mrefu.

Siku ya kwanza mwalimu, mzee mwembamba mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, aliandika ubaoni: maduka yote ya karibu na kituo yanauza sana, kwa hiyo ukihamishia duka lako kituoni utauza sana. Akauliza mwandishi amechukulia jambo gani kuwa kweli bila kulisema. Karani akajibu kwamba kituoni kuna watu wengi. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Kwamba kinachouza ni mahali, si bidhaa," Kitinda akasema. "Kama wenzake wanauza kwa uzuri wa bidhaa zao, kuhama hakutamsaidia."

Mwalimu alifurahi. Akaeleza kwamba ndivyo dhana iliyofichika inavyopimwa: ikanushe, uone kama hitimisho litabaki limesimama. Alipomuuliza amejifunzia wapi, Kitinda akasema ni saluni. Wateja husema nusu, nusu nyingine humwachia msusi aijaze.

Darasa zima likacheka. Karani akafunga daftari. Miaka sita anapanga majalada ya mawakili, na leo msusi ndiye anayesifiwa.

Tangu hapo kijicho kikala naye, kikalala naye. Kitinda akipata swali, dada mtu aliona amebebwa. Akikosa, aliona anajifanya. Jumamosi moja alirudi darasani kuchukua mwavuli, na kupitia dirishani akamwona mdogo wake akipokea bahasha kwa mwalimu na kuitia mkobani harakaharaka. Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kumbe anapewa mtihani.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa kituo cha masomo akayamwaga yote. Mkuu akawaita wote watatu ofisini. Kitinda akaitoa bahasha, akaifungua mezani. Ndani mlikuwa na karatasi za mazoezi za karani mwenyewe, zile alizokuwa akizikunjakunja na kuzitupa kwa hasira, zimenyooshwa, kila kosa limeandikiwa maelezo kwa wino mwekundu.

"Nilimwomba anionyeshe unapokwama, Dada, nikueleze taratibu nyumbani," Kitinda akasema. "Nilijua ukiambiwa zimepitia kwangu hutazisoma."

Karani alimwomba mwalimu radhi. Kwa mdogo wake radhi hiyo haikufika. Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

Lakini zile karatasi alizisoma, mstari kwa mstari, amejifungia chumbani. Matokeo yalipobandikwa, wote wawili walikuwa wamefaulu. Kitinda akamkumbatia dada yake huku akilia kwa furaha. Karani naye akamkumbatia, akanyoosha shingo juu ya bega lake kuangalia nani amemzidi mwenzake. Kitinda alikuwa mbele kwa alama nne. Karani akamkaza zaidi kifuani, asije akamwona uso.