Mama wa Jumatatu

…na nani huanza wiki na Jumanne, Kalondu anajiuliza, kidole chenye vumbi la makaa kimeshachafua ukingo wa karatasi, Jumanne hadi Jumapili zote amezisoma, kila mama na siku yake, maana ndivyo Daisy alivyolelewa kule Silanga, mamake Filister akifanya kazi ya nyumba mtaa wa Olympic na kulala hukohuko, anarudi Jumapili tu, basi majirani wa ploti nzima wakagawana mtoto, mama sita siku sita, na Jumatatu ilikuwa ya Kalondu… ilikuwa… sasa kitabu alichokiandika Daisy kinakaribia kuisha na Jumatatu haipo, woi, si angebaki tu bila kukifungua, lakini mwanawe Collins alipomletea alisema, Daisy amesema usome wewe mwenyewe… "Mama Collins, makaa mkebe mmoja," ni Khaemba huyo, ngoja kidogo baba, anamjibu bila kuinua macho, Khaemba anaegemea mlango na kuanza kulalamika vile hapa Kawangware barabara zinachimbwa kila siku… na Daisy alikuwa analia, Jumatatu ile ya zamani, bado mchanga, hana homa, hataki uji, analia tu, na Kalondu akakumbuka Filister alivyomwambia kuwa kwao Wajaluo mtoto akilia hivyo kuna marehemu anamtaka, unaita majina ya waliokufa, atakaponyamaza, jina ni hilo, sasa yeye Mkamba wa Kitui wafu wa Filister atawajulia wapi, akaita aliokuwa nao, mjomba Kitheka, wapi, nyanya, wapi, mwisho akamtaja mamake mwenyewe, Kavindu, mtoto akanyamaza, akamshika kidole, na Kalondu, mjinga yeye, akafurahi, akawatangazia majirani.

Jumapili Filister akasikia ploti nzima inamwita mtoto wake Kavindu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Wafu wenu mngewaacha kwenu, Mama Collins," alisema, na Jumatatu ikahamia kwa Jael, mlango wa pili, Kalondu akawa anamsikia mtoto akicheka upande ule wa mabati huku yeye anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu… "Mama, nimeacha maji kwa jiko," ngoja Khaemba, ukurasa umegeuka, ni wa mwisho, umeandikwa Jumatatu juu, soma basi mwanamke, umeogopa miaka ishirini na sita, utaogopa mpaka lini… *Siku hii nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo niliyonyang'anywa. Binti yangu alipozaliwa alilia siku tatu. Mama akaita wafu wetu wote, akamaliza upande wa baba, mtoto analia tu. Kisha Mama akakaa chini, akasema, jaribu lile la Kalondu…*

Filister, Filister huyohuyo, kwa mdomo wake, jamani, herufi zinacheza, Kalondu anajifuta kwa leso na kujipaka masizi shavuni, Mungu asante, Filister asante, hata wewe mama uliyelala Kitui asante, kumbe hukukosea mlango siku ile, uliingia mahali pako, na mimi miaka yote hii nimekuombea msamaha bure… *nikalitaja, mtoto akanyamaza. Ndilo jina lake.*

"Kavindu," anaita, polepole, kuonja kama bado linatoka vizuri.

Mkebe bado mtupu, Khaemba bado mlangoni. "Kavindu ndiye nani?"

"Mamangu," anasema Kalondu. "Bado hajaota meno."