Kadi ya Mkate ya Mama

Kikao cha kumi na moja kilifanyika Jumanne, na kama vikao kumi vilivyotangulia, kilianza kwa chai isiyo na sukari na habari za mvua. Mimi nilikuwa mkalimani wa serikali yetu ya Ugiriki, serikali iliyokuwa na mawaziri, mihuri na bendera, ila haikuwa na nchi. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na Waitalia, nasi tulikuwa London, tumepanga vyumba vinne juu ya duka la kofia. Ilikuwa Februari 1942, na nilikuwa nimechoka uchovu ambao hata ukilala siku tatu hautoki.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Watu wetu walikuwa wanakufa kwa njaa. Waliotuvamia walikuwa wamekomba chakula, na rafiki zetu Waingereza walikuwa wamefunga bahari ili adui asipate hata punje. Bahari ikifungwa haichagui koo la adui na koo la mtoto. Tuliomba meli za nchi isiyopigana ziruhusiwe kupitisha ngano, basi. Waingereza wakasema wako tayari kulifikiria endapo Wamarekani wataafiki. Wamarekani wakasema wako tayari kuafiki endapo Waingereza wataamua. Tukapigwa danadana tangu Oktoba, meza hii hadi meza ile, na kila meza ina mtu mpole anayekuvutia kiti.

Ijumaa kabla ya kikao hicho nilipata barua ya mdogo wangu Fotini, anayekaa Kokkinia, mtaa wa wakimbizi kule Pireo, bandari ya Athene. Baharia mmoja aliifikisha Smirna, upande wa Uturuki, kisha ikazunguka wiki tano. Fotini alikuwa mjane mwenye watoto watatu, Manoli, Katina na Argyro mdogo, na mama yetu alikuwa akikaa naye. Aliandika kwamba mama amefariki, siku ya pili ya Januari. Hawakumzika kwa jina. Walimfunga blanketi, wakamsukuma kwa mkokoteni alfajiri hadi makaburini, wakamlaza nje ya ukuta pamoja na wengine waliolazwa hapo, wakarudi nyumbani wakafunga mlango. Maana ukienda kumwandikisha marehemu, karani anachukua kadi yake ya mkate, ile inayompa kila mtu kipande chake cha siku. Mtaa mzima ulikuwa ukifanya hivyo.

"Mama bado anatulisha, dada," aliandika. "Kipande chake ndicho kinachomweka Argyro hai. Usimwambie mtu. Hata kanisani usimtaje na marehemu."

Jumapili nilikwenda kanisani. Kwetu unampa padri kikaratasi chenye safu mbili za majina, walio hai na waliotutoka, naye anayasoma mbele ya madhabahu. Wagiriki wa London ni wachache na masikio yao ni marefu. Nikamwandika mama yangu katika safu ya walio hai, padri akamwombea afya njema, nami nikalia nikijifanya nina mafua.

Kwa hiyo Jumanne nilikaa mezani na barua ile mkobani. Upande wa Waingereza alikuwepo Bwana Pelham, wa idara iliyosimamia kufunga bahari, mtu mrefu ambaye mwanawe alizama na meli ya kivita mwaka uliopita, na hajawahi kulitaja. Upande wa Wamarekani alikuwepo Bwana Tolland, mnene, aandikaye kila kitu asiseme lolote. Upande wetu alikuwepo Bwana Kalligeris, balozi wa zamani, miaka sitini na minane, aliyekuwa akificha viwiko chini ya meza kwa sababu koti lake la heshima lilikuwa limechakaa hapo.

Bwana Pelham akatoa karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa yetu. Mwezi Desemba tuliwaandikia waraka wa kuwaonyesha kwamba Ugiriki ingali dola. Makarani wetu, tulisema, wako kazini hata chini ya adui. Kila anayezaliwa na kila anayekufa anaandikwa. Daftari halijakosa siku hata moja. Bwana Kalligeris ndiye aliyetunga maneno hayo, na tulimpigia makofi. Serikali isiyo na nchi hujivunia hata daftari. Sasa Bwana Pelham alikuwa amepata hesabu za daftari hilohilo kwa mkono wa nchi isiyopigana, na vifo vya Januari huko Pireo havikufika hata theluthi ya tulivyodai sisi. Akasema kwa upole kwamba yeye hadhani tunadanganya. Ila wakubwa wake watauliza: kati ya daftari mnalolisifu na kilio chenu, tuamini kipi?

Nikatafsiri. Bwana Kalligeris akageuka rangi, akaniambia kwa Kigiriki, bila kunitazama, "Mwambie tutazipitia hesabu upya."

"Mheshimiwa, unajua kwa nini ni ndogo."

"Najua. Lakini siwezi kukaa mbele ya washirika nikasema watu wetu wanatupa maiti za wazazi wao ili waibe mkate."

"Hawaibi. Wanakula."

"Bibi Stamatia, tafsiri nilichosema."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi kifo kilikuwa kimekwisha kutuumbua kitambo. Katika miaka kumi na tisa ya ukalimani sikuwahi kuongeza neno langu mezani. Siku hiyo nilifungua mkoba, nikaisoma barua ya mdogo wangu kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, hata pale panaposema usimwambie mtu. Sauti haikutetemeka. Nilishangaa, kisha nikaona aibu kwamba haikutetemeka.

Bwana Pelham aliuliza jambo moja tu, kama kadi ya mama yangu inatumika mpaka leo. Nikamjibu inatumika. Bwana Tolland akaomba ruhusa anakili barua, akaahidi majina yatafutwa, nami nikampa. Tulipokuwa tukishuka ngazi Bwana Kalligeris alinishika mkono, sijui kwa kuniunga mkono au kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ule mstari wa daftari aliutunga usiku mmoja, na alidhani ni mzuri.

Barua ile ilifanya ambalo vikao kumi vilishindwa. Mwisho wa Machi makubaliano yalitiwa saini London na Washington: meli za nchi isiyopigana zitapeleka ngano kila mwezi, na tume isiyo ya upande wowote itaigawa. Ofisini kwetu wanaume wazima walikumbatiana. Mtu akatoa chupa ya ouzo, pombe kali ya kwetu, aliyokuwa ameificha tangu tukimbie Athene. Nami nikapewa waraka niutafsiri kwa Kigiriki, upelekwe kwa tume.

Kifungu cha saba kilisema kwamba kabla ya meli ya kwanza kung'oa nanga, kadi zote za mkate zitafutwa na kutolewa upya, na kila mwenye kadi atafika mwenyewe aonekane kwa macho, ili chakula cha washirika kisitolewe kwa majina ya marehemu.

Nilikisoma mara tatu. Kisha nikavaa koti nikaenda kwa Bwana Pelham bila miadi. Alinipokea. Alikuwa amekonda tangu Februari.

"Ni kinga," alisema. "Bila hicho wakubwa wasingesaini. Wangesema adui atakula kwa majina ya wafu."

"Kadi zinafutwa lini?"

"Aprili."

"Na meli?"

Akafungua jalada, ingawa nadhani alikuwa anajua. "Agosti, mambo yakienda vizuri."

"Kuanzia Aprili mpaka Agosti watakula nini?"

Akafunga jalada. "Bibi Vergou, barua yako ndiyo iliyotuonyesha pa kuziba. Nilidhani tunakusaidia."

Nilitamani awe mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kubwa. Akanieleza kwamba kifungu kinaweza kufunguliwa, ila kikifunguliwa waraka wote unarudi Washington, na huko kuna watu ambao hawakuutaka tangu mwanzo. Labda miezi miwili, labda mitatu. Labda usirudi. Kisha akaweka kalamu mezani.

"Ndugu ni wako," alisema. "Niambie wewe. Nikifungue?"

Nje magari yalikuwa yakipita kwenye maji ya mvua. Nilifikiri juu ya Pireo yote, mtaa kwa mtaa, na Athene, na visiwa, na meli zikingoja bandarini kwa ajili ya mtoto mmoja. Nilifikiri pia juu ya mtoto huyo, ambaye sijawahi kumwona, maana alizaliwa nikiwa nimekwisha ondoka. Nilimchukia Bwana Pelham kwa kuniuliza, na bado namchukia.

"Usikifungue," nikasema.

Nikarudi ofisini nikaketi kwenye mashine ya chapa. Vidole vilisita kwenye neno "kabla" la kifungu cha saba, maana "baada" lingetosha kuziokoa kadi, na labda wiki kadhaa zingepita pasipo mtu kugundua. Lakini wangegundua, na meli zingesimama. Nikachapa kama ilivyoandikwa, nakala tano, zikagongwa muhuri.

Barua ya Fotini ilifika Oktoba. Meli zimekuja, aliandika, na siku ya kwanza watu walipiga magoti gatini. Manoli amepata rangi mashavuni. Katina anakula mpaka makombo ya mezani anayaokota kwa kidole kilicholowa. Mwezi Aprili waliitwa waende na kadi, kila mtu na uso wake. Alimwambia karani kwamba mama amefariki asubuhi ileile. Karani akacheka kwa uchovu, akamwambia, "Mama, leo asubuhi wamekufa wazee wa mtaa mzima," akaikata kadi kwa mkasi.

"Argyro alijikaza mpaka Juni," aliandika. "Hakulia sana. Dada, wewe unakaa na wakubwa huko. Hebu niulizie, ni nani aliyewaambia habari za kadi? Hapa mtaani wanawake tunalitafuta jina lake, tumlaani tukijua tunamlaani nani."

Nilikaa na barua ile siku tatu. Bwana Kalligeris, nilipomsomea, alinishauri nijibu mengine hilo niliache. Wakati wa vita, alisema, barua hupotea hata kurasa. Alisema kwa huruma, na nusura nimsikilize. Siku ya nne nilichukua karatasi. Nilimwandikia Fotini kwamba namlilia Argyro, kwamba nimempa baharia soksi na maziwa ya unga awaletee, na kwamba jina wanalolitafuta ni Stamatia.