B au G, Sebuleni kwa Rahimu

...na G peke yake ina ubaya gani, chagua G peke yake, hifadhi, funga laptopu, vaa kandambili zako uende zako Majengo ukafungue banda, watu wanakungoja na redio zao, lakini mshale umesimama palepale kwenye vichaguo vitatu vya ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao hewani, B peke yake, G peke yake, zote mbili, na kidole cha Swedi kiko juu ya kipanya kama cha mtu aliyeganda, na nyuma yake fundi seremala Bartolomayo anavuta utepe wake wa kupimia, shwaaa, unarudi, shwaaa, anaipima sebule ya marehemu Rahimu kama anapima sanda, astaghfirullah, maneno gani hayo, ndiyo hayohayo, sebule ya kaka yake aliyezikwa juzi, maana miezi miwili ni nini, miezi miwili ni juzi, udongo wa kaburi bado haujashikana, upepo wa Dodoma unaupeperusha kila alasiri, na huyu Bartolomayo anauliza, "Hili kabati la vyombo, linabaki au linatoka?" na kaka Imrani, mkubwa wao, anajibu kutoka barazani bila hata kugeuza shingo, "Linatoka," kabati la Stara, mjane mwenyewe, ambaye yuko chumba cha nyuma kabisa anakaa eda, hatoki, haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa, na Swedi ni mmojawapo, shemeji mtu, ndiyo maana wanasemezana kupitia pazia la korido, Swedi huku na ruta mpya, Stara kule na kimashine chake cha mkononi cha kuongelea kwa mtandao, "Shemeji, bado?" inauliza sauti ya nyuma ya pazia, "Bado, shemeji, subiri kidogo," na pazia linanyamaza, tena kile kimya chake, tangu msiba uishe kila Swedi akimjibu neno mwanamke huyu ananyamaza kwanza, kama aliyejibiwa na mtu asiye na adabu, na Swedi damu inamchemka, maringo haya, maringo hata ndani ya eda, mtu umeacha kazi yako unamhangaikia... basi, usianze, Swedi, usianze, hasira zako zilikuharibia hata maziko, kaka yako yuko kwenye jeneza nawe unagombana na wachimbaji kwamba mwanandani ni mwembamba, watu wanasoma dua wewe unatupa jembe, na hukulia, kila mtu alilia wewe ulitupa jembe.

G, G ni mawimbi mapya, ni mbio. B ni ya zamani, ya polepole, na kimashine cha Stara hakijui kingine ila B, kinene kama sabuni ya mche, Rahimu alikileta kutoka Dubai miaka ile safari za Dubai zilipofunguka na kila mwenye pasi ya kusafiria akaitwa mfanyabiashara, wenzake walirudi na mitumba na matairi, yeye akarudi na tairi mbili na kimashine, tukamcheka, Imrani akasema, "Hicho utakila?" Rahimu akacheka naye, alikuwa hajui kununa yule, akakiweka mfukoni, na Sabrina, binti yao wa pekee, alipopata kazi ya uuguzi Maskati ndipo kikaonekana kina maana, maana simu ya kawaida kwenda ng'ambo unamaliza salamu na salio linaishia kwenye "hamjambo", lakini kwa huu mtandao wa hewani mama na mtoto wanakaa alasiri nzima, wanaulizana mpaka mboga iliyopikwa, Stara hasomi, kalamu haikai mkononi mwake, kwa hiyo Rahimu alimwekea tone la rangi nyekundu ya kucha pale pa kugusa, akakaa naye mkekani, "Hapa, mama Sabrina, hapa penye wekundu, gusa, usikiogope hakiumi," na Swedi alikuwapo siku hiyo, amekuja kurekebisha antena, alisimama juu ya ngazi akiwaangalia, akajisemea huyu kaka yangu ana subira ya nyumbu, mimi ningekuwa nimeshakirusha dirishani... na sasa ukichagua G peke yake, ruta haitamsikia tena mwenye B, itampita kama hayupo, mama atagusa wekundu wake mpaka ukwanguke, na Sabrina atapiga kule hatapokelewa, basi chagua zote mbili, si kipo kichaguo cha zote mbili, kipo, kipo hapo mbele ya macho, lakini mwenye B akiingia wenye G wote inabidi wapunguze, kama kikao cha arusi, mzee mmoja mwenye kigugumizi amepewa nafasi ya kusema na vijana wote wametulia mpaka amalize, ndivyo Swedi alivyomweleza Imrani asubuhi, kwa adabu kabisa, na Imrani akasema, "Vijana wangu hawaji hapa kutulia, mdogo wangu."

Vijana wake! Wanafunzi wa chuo kipya kule mlimani, wanazurura mjini na laptopu mgongoni wakitafuta pa kukaa, Imrani kawaona, Imrani hapitwi, sebule hii itawekwa meza, kochi la Rahimu litoke, kabati litoke, wao waingie, walipie mtandao, na si uongo kwamba nasi tuna fungu letu, mjane ana fungu lake, binti ana nusu yake, kinachobaki ni cha ndugu, shehe alishasema, Swedi alisikia kwa masikio yake, lakini shehe alisema eda iishe kwanza, watu wakae, kigawanywe, hakusema apigiwe simu seremala, na Swedi alimwambia, "Kaka, Sabrina anajua?" Imrani akatazama kucha zake, "Atajua," "Lini?" "Atakapojua. Wewe fundi au karani wa kadhi?" na Bartolomayo akacheka, hana kosa, seremala ana watoto, acheke tu, lakini Swedi aliona, aliona waziwazi kama unavyoona waya uliokatika ukifungua redio, kwamba si mbio za wanafunzi zilizomleta kaka yake na ruta mpya mkononi wiki hii hii, ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi, haikuwa na homa yoyote, ila kila alasiri Stara anaongea na mwanawe, na masikio ya Stara si mabovu, yuko ndani lakini anasikia, na akisikia yeye Sabrina naye atajua, jana aliuliza kupitia pazia, "Jamani, mnapima nini huko?" na Imrani akamjibu kwa sauti tamu, "Mapazia, shemeji, tunataka kukubadilishia mapazia," na Stara akasema Mungu awalipe, alisema Mungu awalipe! na Swedi alikuwa ameshika bisibisi, akakaa kimya, kwa nini alikaa kimya, yeye anayewaambia wateja wake hadharani redio yako imekufa mama, usinipe hela yako, yeye asiyekaa darasani hata siku moja kwa ufundi huu, aliyejifunza kwa kufungua redio ya baba na kuchapwa, akaifungua tena akachapwa tena, mpaka ikaimba, yeye ambaye Majengo nzima wanamwita mkali lakini hafichi, alikaa kimya kwa sababu ya mapazia.

"Swedi!" Imrani huyo, barazani, kikombe cha kahawa kinagonga kisahani, "umelala juu ya mashine?" "Nipo," "Bonyeza basi, kitu gani kigumu, kisha mwambie, kama tulivyoongea," kama tulivyoongea, hatukuongea, uliongea wewe, ulinivuta pembeni ya tangi la maji ukasema kwa upole kabisa, mkono begani, "Mwambie kimashine kimeharibika, wewe ni fundi, atakuamini," na ni kweli, ataniamini, hapo ndipo penye kisu, hatauliza mara mbili, atasema ni mipango ya Mungu, atakifunga kwenye khanga akiweke chini ya godoro, mwezi wa tatu utapita na wa nne, siku ya kutoka eda atatoka na uvumba wake na nguo zake mpya aje sebuleni kwake akute watoto wa watu wamekaa safu safu na nyaya sakafuni, wamshikie mlango wakidhani ni mgeni... "Shemeji?" lile pazia tena, limetikisika kidogo, kuna upepo au ni mkono, "alasiri inaadhiniwa, Sabrina anakaribia kupiga, nimekishika hapa, kinazungukazunguka tu," na sauti yake ina kitu leo, ina haraka ya mtoto, "Ndiyo," Swedi anasema, anakohoa kwanza, "ndiyo, shemeji, kaa nacho karibu," na kimya, kimya kilekile, na damu inataka kupanda, jibu basi mama, mtu anakusemesha... halafu haipandi.

Haipandi kwa sababu amesikia sauti yake mwenyewe. Ule ukohozi mfupi kabla ya neno, na neno lenyewe linavyoangukia puani mwishoni, kaa nacho karibu, si yake, ni ya Rahimu, Ya Rabbi, ni ya Rahimu kabisa, si ndiyo hiyo waliyokuwa wanachanganya kwenye simu, "Rahimu?" "Mimi Swedi!" na anawafokea, hata mama yao marehemu akiwasikia kutoka uani alikuwa akimjibu Rahimu kumbe ni Swedi, "wanangu sauti wameazimana," na Swedi alichukia, alitaka awe na sauti yake mwenyewe angalau hiyo, na siku ya tatu ya msiba alipopiga simu ya mezani humu ndani Stara aliinua mkono wa simu, Swedi akasema hodi wenyewe, na Stara hakusema kitu, alisikika anapumua, anapumua, anapumua, akakata, na Swedi akaapa hapigi tena kwa mtu asiye na salamu... alikuwa anafanya nini yule mwanamke, yuko gizani nyuma ya pazia, hamwoni mtu, haruhusiwi kumwona, na kila mara marehemu mume wake anakohoa kidogo sebuleni na kumwambia subiri, shemeji, na yeye kila mara anangoja mpaka sauti ile impite, ndipo ajibu kama watu wanavyojibu, miezi miwili, na mimi nikaita maringo, na Imrani, wewe Imrani, unajua sauti yangu, umezaliwa ukaikuta ya baba ikawa yetu, unajua ni sauti gani itakayomwambia kimashine chako kimeharibika, mama Sabrina, na Rahimu alikuwa hajawahi kumdanganya, miaka yote ile, tairi mbili alisema ni tairi mbili, na sasa akiwa mchangani tumtume akamdanganye mkewe.

Macho yanamuuma, vumbi, si vumbi. Utepe wa Bartolomayo unarudi kwenye kasha lake, shwaaa. "Mdogo wangu," Imrani anasema, sasa yuko mlangoni, kivuli chake kimelala juu ya meza, "tayari?" na mshale uko palepale, B peke yake, G peke yake, zote mbili, ruta inapepesa taa yake ya kijani haimjui aliyekufa wala aliye hai, na Stara, polepole, nyuma ya pazia, "Shemeji, usinifiche. Kimeharibika?" na Swedi anamtazama kaka yake usoni, na kile kilio ambacho hakikutoka pale kaburini kimekuja, na anajua akifungua mdomo kitatoka kwa sauti ileile, hana nyingine, akafungua.

"Kizima, mama Sabrina. Kimashine chako kizima."

Kivuli cha Imrani kinasogea juu ya meza. Halafu, karibu kabisa na pazia, kama mtu aliyeegemeza paji la uso kwenye kitambaa:

"Sema tena."

Na Swedi, kidole bado juu ya kipanya, akasema tena.